Kabla ya Apu Kulikuwa na Soko la Wajir

Nianze na aibu yangu, ndio tuendelee vizuri.

Mwaka juzi, jioni moja, mtu alinitumia klipu ya sekunde 40. Vibanda vinaungua, watu wanakimbia, mama analia. Maandishi juu yake yalisema ni jana, ni karibu na hapa kwetu Garissa, na yakautaja ukoo uliofanya. Sikuitazama mara ya pili. Niliweka sauti yangu juu yake, nikaongeza nyuso tatu za hasira, nikaposti. Kufikia Isha ilikuwa imetazamwa mara 11,000. Kwa mtu aliyezoea watazamaji 300, walahi nilijiona mfalme.

Klipu haikuwa ya jana. Haikuwa hata ya Kenya. Magari yaliyoonekana kwa nyuma yalikuwa yanapita upande wa kulia wa barabara, na hiyo ilikuwepo kwenye skrini muda wote, kama ningetulia kuangalia. Niliifuta saa tano usiku baada ya msee mmoja kuniambia kwenye komenti. Asubuhi yake vijana watatu wa mtaa wetu walimwagia maziwa chini mama anayeuza maziwa ya ngamia pale kwenye kona, kwa sababu yeye ni wa ule ukoo. Mtungi mzima, kwenye mchanga. Mmoja wao nimecheza naye mpira tangu darasa la pili. Nilimuuliza ni nini kimemwingia. Akatoa simu akanichezea. Ilikuwa sauti yangu.

Ayeeyo wangu amenunua maziwa kwa yule mama miaka na miaka. Nilijua atanipigia kelele, na hakunipigia. Yeye aliishi Wajir miaka ya tisini, na aliniambia maneno machache tu: "Haya tuliyaona Wajir. Wanawake walikuwa wanakaa sokoni, wanaangalia." Halafu akarudi kwenye tasbihi yake. Sikuelewa kuangalia gani huko, nikaanza kutafuta. Hii posti ndiyo nilichokipata. Ni ndefu, jitafutie shaah.

Kwanza habari ya apu, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnanijua.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili (ada iliisha, kichwa kikafuata) nilikuwa silali. Binamu yangu aliye Minneapolis akanitumia apu ya kukufundisha utulivu. Unakaa, unafuata pumzi, wazo likija unaliona, unaliacha lipite, unarudi kwenye pumzi. Dada mwenye sauti ya Kiingereza cha redio anakuongoza. Siku saba bure, baada ya hapo dola. Ilinisaidia, siwezi kudanganya. Nikaposti kuhusu hiyo, na komenti zikaja za aina mbili. Moja: "Warya, hayo ni mambo ya Wabuddha, utatoka kwenye dini." Ya pili: "Hayo ni ya matajiri, sisi huku tunatafuta maji." Wote walikuwa na sehemu ya ukweli, na ndiyo maana walinikera.

Ni kweli yametoka kwa Wabuddha. Kwenye Kipali, lugha ya maandiko yao ya zamani, jambo hili linaitwa sati, na mzizi wa neno hilo ni kukumbuka. Niliposoma hapo nilisimama kidogo, maana kila mtoto wa madrasa anajua kwamba dhikri nayo ni kukumbuka. Na Kiswahili chetu kina neno la upande wa pili wa hilo: kughafilika. Limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "ghafla". Aliyeghafilika si mjinga wala si mbaya. Macho yake yako wazi, ila yeye hayupo. Ndivyo nilivyokuwa ile jioni ya klipu.

Sisemi dini zote ni moja. Watu wanaosema hivyo kwa kawaida hawajakaa vizuri na hata moja. Mbuddha akikumbuka hakumbuki anachokikumbuka Muislamu, na ayeeyo wangu akisikia namlinganisha na sanamu atanifukuza nyumbani. Ninachosema ni kwamba ugonjwa wanaoutibu unafanana.

Sasa yule wa "mambo ya matajiri." Mtu aliyeyafanya mazoezi haya yajulikane sana duniani ni mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki Januari 2022. Kwenye picha anaonekana mzee mpole anakunywa chai, na unaweza kudhani aliishi bustanini maisha yake yote. Katikati ya miaka ya 1960, vita vikiwa vimepamba moto, alishiriki kuanzisha Saigon shule ya kuwafunza vijana kazi ya huduma kwa jamii. Vijana wa rika langu. Walikwenda vijiji vilivyopigwa mabomu, wakajenga upya nyumba na madarasa, wakatibu watu, na wakakataa kuchukua upande wowote, kwa hiyo pande zote ziliwashuku. Baadhi yao waliuawa. Yeye mwenyewe alitoka nje mwaka 1966 kuomba amani, akazuiwa kurudi kwao. Mwaka 1974, akiwa Ufaransa, aliandika barua ndefu kwa mmoja wa wafanyakazi wa ile shule. Namna ya kupumua, kuosha vyombo ukijua unaosha vyombo, kunywa chai ukijua unakunywa chai. Barua hiyo ndiyo ikawa kitabu The Miracle of Mindfulness, ambacho karibu kila apu ya utulivu leo inakila bila kukitaja.

Yaani mafunzo hayo yaliandikiwa watu waliokuwa wanazika wenzao na kesho yake lazima wabebe matofali. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn akayapeleka hospitalini, Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wa maumivu yasiyoisha, na lugha ya dini ikapunguzwa. Hiyo bado naiheshimu. Yaliyofuata mnayajua: kampuni zikaona kwamba mfanyakazi anayepumua vizuri halalamiki sana, na mimi nikapata siku saba bure.

Afrika Mashariki Wabuddha wapo, ingawa ni wachache. Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na watu waliotoka Ceylon kufanya kazi, kama miaka 100 iliyopita. Uganda kuna Bhante Buddharakkhita, Mganda kabisa, aliyekutana na dini hiyo alipokwenda kusoma India, akawa mtawa mwaka 2002, na mwaka 2005 akafungua kituo karibu na Entebbe. Garissa hakuna, na mimi sikuwa natafuta hekalu. Nilikuwa natafuta watu wa huku waliojua kuwepo pale walipo wakati mambo yanaharibika. Twende basi kwa ayeeyo, zaidi ya kilomita 300 kaskazini.

Kama umezaliwa baada ya 2000 kama mimi, huenda hujui kwamba mkoa wetu wote ulitawaliwa kwa sheria ya hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hadi 1991. Karibu miaka 28. Mwaka ule ule ilipoondolewa, serikali ya Somalia ikaanguka, wakimbizi wakaingia, na bunduki zikawa rahisi kupata. Ukame ukaua mifugo. Mwaka 1992 ukaja uchaguzi wa vyama vingi, na kila ukoo ukahesabu viti. Wajir ikalipuka: Waajuran, Wadegodia, Waogaden. Watu waliuana kwenye visima na malishoni, na ubaya ukaingia hadi mjini, hadi sokoni. Mwanamke wa ukoo huu hauzi kwa mwanamke wa ukoo ule. Mwingine anafukuzwa kwenye sehemu aliyotandika nyanya zake miaka kumi.

Alikuwepo Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, 1964. Aliwahi kusimulia kwamba usiku mmoja mwaka 1993 alijificha chini ya kitanda na mtoto wake, risasi zikilia nje. Asubuhi mama yake akamwambia kwamba naye, miaka ya sitini, alijificha vivyo hivyo, mtoto akiwa Dekha mwenyewe. Fikiria kuambiwa hivyo ukiwa hujalala. Sisi tungesema "maisha ni hayo" tukaendelea kuskrol. Yeye na wanawake wachache wa koo tofauti, mazungumzo yao yakiwa yameanzia kwenye harusi, waliamua kuanza na soko.

Hapa ndipo nimekwama wiki nzima, kwa sababu ni jambo dogo mno. Hawakuandika ilani. Hawakwenda Nairobi. Walikwenda kuzungumza na wanawake wa sokoni, wakakubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote atanunua na kuuza bila kusumbuliwa, na wakaweka wanawake wa kuangalia. Kila siku. Nani kakataliwa, nani katukanwa, nani kasukumwa. Likitokea jambo linapelekwa kwa kamati yao siku hiyo hiyo, kabla halijafika nyumbani na kupewa bunduki. Ndio kule "kuangalia" kwa ayeeyo.

Jaribu kufikiria hiyo kazi. Unakaa juani kutoka fungu la nyanya hadi fungu la nyanya. Ndugu yako mwenyewe huenda ameuawa na ndugu wa yule mama unayemlinda. Kila dakika kichwa kinakurudisha kwenye mazishi, na kila dakika unajirudisha sokoni, kwenye mizani, kwenye uso wa mtu aliye mbele yako, kuona anachofanya sasa hivi na si kile watu wake walichofanya mwezi jana. Ukighafilika saa moja, neno moja linapita, na jioni mtu amekufa. Ukiniuliza mimi, hilo ni zoezi lenyewe, tofauti ni kwamba hakuna dada wa Kiingereza cha redio na hakuna kuzima ukichoka.

Soko lilipotulia, walipata mahali pa kusimama. Wakaenda kwa wazee, na wazee wakakutana, na katika mazungumzo hayo mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambao haukuwa na cha kushinda, ndiye aliyewauliza wakubwa wanapigania nini hasa na nani anafaidika. Septemba 1993 wazee wakatoa lile tamko la Al Fatah. Vijana wakaingizwa, wafanyabiashara, masheikh, maofisa wa serikali. Mwaka 1995 yote hayo yakafungwa pamoja katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na kukawa na timu ya kukimbilia mahali penye tetesi kuuliza: ni kweli? Nani aliona? Kamati za amani unazozisikia leo kwenye kaunti nyingi za Kenya zina damu ya Wajir ndani yake. Sisemi vita viliisha, vimerudi mara kadhaa na sehemu kadhaa. Ila kuna watu waliozeeka ambao hesabu ya bunduki ilikuwa imeshawaua.

Wajir ilikuwa imewahi kuona kuangalia kwa aina nyingine. Mwaka 1970 aliingia mjini Muitaliano anaitwa Annalena Tonelli, hajafika miaka 30, hana mume, Mkristo mahali ambapo karibu kila mtu ni Muislamu. Wengi walimshuku, na ningekuwepo ningemshuku pia. Alikuwa mtu wa sala ndefu na kimya kirefu, asiye na mali yoyote. Kazi iliyompata ni kifua kikuu. Tatizo la kifua kikuu kwa wafugaji lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua: dawa zilichukua muda mrefu, mgonjwa anapata nafuu, mvua inanyesha kwingine, familia inahama, naye anahama na dawa nusu. Anarudi akiwa mbaya zaidi, au harudi.

Mwaka 1976 akaanza mradi uliokuja kujulikana kama manyatta ya TB. Wagonjwa walijenga vibanda vyao hapo hapo, kama wanavyojenga malishoni, wakakaa miezi ya matibabu, na kila mmoja aliangaliwa akimeza vidonge vyake. Kila siku, kila mtu, kidonge kwa kidonge. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilipoanza kuhimiza dunia nzima iwasimamie wagonjwa wa TB wanapomeza dawa, Wajir ilikuwa imeshafanya hivyo zamani.

Halafu Februari 1984 ikaja Wagalla. Wanaume wa Kidegodia walikusanywa na wanajeshi kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wakauawa. Serikali ya wakati huo ilikubali vifo 57. Walionusurika wanazungumzia maelfu. Tonelli alitoka na gari kwenda kuokota waliokuwa bado hai porini na kuzika waliokufa, na alisaidia habari kutoka nje ya nchi wakati amri ilikuwa ni kutoona. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na wagonjwa wake Somalia na baadaye Borama, Somaliland. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi, na Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi akiwa katika hospitali yake.

Ninaposoma hayo naona aibu nikikumbuka kwamba mimi nilitumia utulivu kupata usingizi tu. Si vibaya kulala, jamani, lala. Lakini nilikuwa nimejifunza kuangalia pumzi yangu dakika kumi kila asubuhi, kwa bidii, na jioni ya klipu sikuangalia hata magari. Zoezi lilibaki kwenye mkeka.

Dekha hakuuacha mkeka wa swala hapo ulipo. Alisema wazi kwamba kazi yake ya amani ilitoka kwenye Qur'ani, na kwamba mtu hujichunguza mwenyewe kwanza. Madrasa tulifundishwa nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia. Tulikariri kwa ajili ya mtihani wa ustadhi. Yeye alikwenda nayo kwenye vikao vya watu wenye silaha. Mwaka 2007 alipata ile tuzo ya Sweden inayoitwa Nobeli mbadala. Wiki chache baadaye Kenya ikawaka moto baada ya uchaguzi, na zaidi ya watu 1,000 wakafa. Mwanzoni mwa 2008 Dekha alikuwa Nairobi pamoja na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, Balozi Bethuel Kiplagat na George Wachira, na walifungua mlango wa mkutano kila asubuhi kwa yeyote mwenye habari au wazo. Kila asubuhi. Tena kazi ya kukaa na kusikiliza.

Julai 2011 alipata ajali kwenye barabara ya kuja huku Garissa. Mume wake na dereva walifariki, naye akawafuata siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 47. Nilikuwa mtoto, sikumbuki kitu. Nimemaliza shule ya msingi, sekondari na nusu ya chuo bila mwalimu hata mmoja kunitajia jina lake, na nimesoma kuhusu Garibaldi.

Basi, upande wangu. Nilimlipa yule mama maziwa yake. Alihesabu pesa mara mbili mbele yangu, akaziweka, hakusema kitu. Tuko wanne sasa tunaofuatilia klipu na sauti zinazozunguka hapa mjini, na tulichaguana kwa makusudi kutoka koo tofauti ili mtu asimalize sentensi bila mwingine kumkatiza. Kabla sijaposti kitu chochote cha hapa nyumbani nageuza simu kifudifudi, napumua kama nilivyofundishwa na apu, nasema istighfari kama nilivyofundishwa na ayeeyo, halafu naigeuza na kutazama tena tangu mwanzo. Mwezi uliopita sauti ilizunguka usiku kwamba mchungaji ameuawa na watu wa upande wa pili. Tulipiga simu mpaka saa nane. Ilikuwa ajali ya gari. Tukaposti hivyo, watazamaji 42.

Asubuhi huwa napita kwenye kona wakati maziwa yanaposhushwa kwenye gari. Wiki tatu za kwanza yule mama aliniacha nimesimama tu. Siku moja akanisukumia mtungi kwa mguu, nikaubeba, na kesho yake tena. Namwita habaryar, na kama ilivyo kwetu naye huniita hivyo hivyo.

"Habaryar," ananiambia kila nikiinama kuubeba, "umeangalia kifuniko?"

Nauweka chini, nakiangalia.